Mashine Iliyosahau Kifuniko

Alasiri, mikate ilipokwisha kuuzwa, mama mwoka mikate alipenda kukaa kando ya tanuri. Joto lilimbembeleza. Vumbi la unga lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na mawazo yake yakaelea nalo. Mumewe alimtania kwamba ameolewa na tanuri.

Siku moja mume alikuwa na raha zake. Alikuwa amefunga kompyuta ndogo kwenye mashine ya kukandia unga. Ukifungua kifuniko, mkono wa chuma unasimama. Ukifunga, unazunguka. Aliijaribu wiki nzima, na sasa alijipiga kifua.

Mama hakutulia. Mikono inayoingia mle ndani ni yake, na bila mikono hakuna mkate. Akamwita jirani yao, dada anayetunga programu za kompyuta.

Jirani alinyunyiza unga mezani, akachora maduara kwa kidole. Moja: kifuniko kimefungwa, mashine inazunguka. La pili: kifuniko kiko wazi, mashine imesimama. Akayaunganisha kwa mishale. Kila duara, alisema, ni hali ambayo mashine inaweza kujikuta nayo. Mshale ni njia ya kutoka hali moja hadi nyingine.

"Shemeji, umeonyesha kwamba yamkini mkeo atasalimika," alisema. "Yaani ipo njia iliyo salama. Yeye anataka lazima. Lazima ni njia zote ziwe salama, hata zile ambazo hujawahi kuzipita."

Alieleza kwamba hiyo ni mantiki ya lazima na yamkini. Wataalamu huandika lazima kwa kisanduku, na yamkini kwa umbo la almasi, yaani mraba uliosimama kwa pembe. Watunga programu huitumia kukagua mitambo kama lifti na treni kabla haijabeba watu. Maduara yakiwa mengi mno, kompyuta yenyewe huyapitia, maana binadamu angechoka.

Mama aliyatazama maduara kwa macho ya usingizi. Aliyaona kama vyumba vidogo, na katika kila chumba yumo yeye, amesimama mbele ya mashine. Kisha akaona chumba kimoja chenye giza.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza polepole. "Hapo ndipo mimi hufungua nikakwangua donge. Si mashine imelala?"

Mume aliacha kutabasamu. Hakulijua hilo, kwa sababu umeme ukikatika yeye hutoka nje kupiga soga. Jirani akachora duara jingine, kisha mshale: umeme unarudi. Mume akakiri kwa sauti ndogo kwamba kompyuta yake ikiamka huanza upya, ikidhani kifuniko kimefungwa.

Mama alifuata mshale kwa kidole. Mwishoni mwake mkono wa chuma ulikuwa unazunguka, na mikono yake imo. Alikuwa amekwangua hivyo jana tu, umeme ulipokatika, akaponea chupuchupu bila kujua.

Mume aliirekebisha programu jioni ile ile. Mashine ikiamka, ibaki imesimama, ikague kifuniko, kisha isubiri mtu abonyeze kibonyezo. Wote watatu wakapitia maduara upya, moja baada ya jingine, hadi lisibaki hata moja la hatari. Tahadhari kabla ya hatari.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Mama akafungua kifuniko, akazama kwenye donge hadi viwikoni. Mara taa zikawaka. Mashine ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Mumewe alisimama mlangoni, ameganda, ameshikilia ukuta.

"Pumua, baba watoto," mama alimwambia, akiendelea kukwangua.