Moshi Juu ya Nguo Nyeupe

Kila asubuhi ya siku za shule, Phinto alipanda nyuma ya pikapu ya baba yake, akakaa juu ya magunia ya mihogo, na safari ikaanza kwa kikohozi. Pikapu ilikohoa kwanza, kisha baba, kisha jogoo wa jirani. Baba yake, Bunthom, aligusa shada la maua lililoning'inia kwenye kioo cha ndani, akaunganisha viganja vyake na kumwomba Mae Ya Nang, bibi mlinzi wa magari, awafikishe salama. Ndipo akatia gia.

Tatizo lilikuwa kilima cha hekalu. Barabara ya kutoka kijiji cha Phu Lom hupanda kilima hicho kabla ya kushuka mjini, na pikapu yao ilikipanda kama ajuza mwenye goti bovu. Ilikuwa gari la dizeli lenye turbo, na babu alipolinunua lilisifiwa kwa nguvu zake. Sasa lilikuwa la kuhurumiwa. Phinto aliweza kuruka chini, kununua wali wa kuchoma, tonge lililookwa juu ya makaa na kuchomekwa kijiti, kwa muuzaji wa kando ya barabara, kungoja chenji, kisha kupanda tena, na gari halijasimama. Kusimama ndiko baba alikokuogopa zaidi. Lingesimama kilimani na mzigo, lisingeondoka tena.

Hapo ndipo alipopitwa kila siku na Kung, mwanafunzi mwenzake, ambaye baba yake alikuwa na pikapu mpya. Kung alitoa kichwa dirishani bila haraka.

"Phinto, ukifika nisalimie walimu," alisema siku moja. "Kama watakuwa hawajastaafu."

Watoto waliokuwa wamepanda naye walicheka mpaka wakapotea kwenye kona. Phinto aliuma wali wake wa kuchoma na kuapa kwamba jambo hili lazima lifike mwisho.

Shangazi yake, Lamduan, alikuwa na gereji karibu na shule. Alikuwa fundi mwenye sauti ya kengele na kucha nyekundu zisizobanduka rangi hata ndani ya grisi. Kila skrubu aliyoirekebisha aliipaka tone la rangi ileile ya kucha, ili mtu akiigusa rangi ipasuke na ajulikane. Alasiri moja Phinto alimwona akizungusha skrubu ndogo kwenye pampu ya dizeli ya kijana mmoja. Kijana alipokanyaga mafuta, bomba la nyuma lilitapika moshi mweusi, na wenzake wakashangilia kana kwamba moshi ule ni misuli.

Phinto aliuliza skrubu ile inafanya nini. Shangazi akamwambia kwamba inaongeza mafuta yanayoingia kwenye injini. Halafu akaendelea kueleza kwa kirefu habari za hewa, joto na hatari, lakini Phinto hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akiutazama moshi.

Jumamosi, baba alipolala mchana kwenye bembea ya kamba, Phinto alichukua bisibisi, akafungua boneti, akaitafuta skrubu. Ilikuwa na tone lake jekundu. Aliizungusha nusu mzunguko. Tone likapasuka katikati. Alifunga boneti taratibu, akarudisha bisibisi mahali pake, akaenda kuwalisha bata kwa bidii ambayo bata wenyewe waliitilia shaka.

Jumatatu pikapu ilipanda kilima kama iliyofukuzwa na nyuki. Gunia moja lilianguka, na Phinto nusura alifuate. Walimpita Kung, ambaye kwa mara ya kwanza alirudisha kichwa ndani ya dirisha. Huko juu baba aliegesha kando, akashuka, akalizunguka gari lake mara mbili.

"Amenisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nilimwekea Mae Ya Nang soda nyekundu, nikamwambia, mama, mihogo ya mwaka huu ni mingi, nisaidie. Na amenisikia."

Phinto alifungua kinywa ili aseme. Kisha akauona uso wa baba yake. Tangu mvua zichelewe, baba hakuwa ametabasamu namna ile. Phinto akafunga kinywa. Alijiambia atasema kesho.

Kesho yake habari zilikuwa zimeenea. Jirani yao, bibi Bunmi, alileta shada la yasmini, akainama mbele ya boneti, kisha akavaa miwani na kusoma namba ya gari ili akanunulie tiketi ya bahati nasibu. Wengine wakamfuata. Boneti ikajaa soda nyekundu, kila chupa na mrija wake. Baba alianza kutembea kifua mbele. Alieleza kwa kila mpita njia maneno aliyomwambia Mae Ya Nang, na kila alipoeleza, maombi yale yalirefuka kidogo.

Watu walipotaka kuona nguvu zile kwa macho yao, Phinto aliogopa kwamba hazitawatosha. Akaizungusha tena skrubu. Sasa gari lilitoa moshi mzito uliofunika nyuma yake yote, na ndani ya kibanda cha dereva palikuwa na joto la tanuri. Bibi Bunmi alisema ule si moshi wa kawaida, ni ubani wa bibi mlinzi. Baba alikunja uso akiutazama, lakini watu walipopiga makofi, aliukunjua.

Basi hata kaka yake Phinto, Chet, aliporudi kutoka kiwanda alichofanyia kazi Bangkok ili awe mtawa kwa majira ya mvua, hapakuwa na ubishi kuhusu gari litakalompeleka hekaluni. Kijiji kizima kilitaka pikapu iliyobarikiwa. Mama yao alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Chet alipokuwa mtoto. Huko kwao, mama ambaye mwanawe amevaa joho la mtawa huhesabu kwamba amepata thawabu isiyo na kifani, na mama Phinto alikuwa amelishona joho hilo la manjano kwa mikono yake, jioni baada ya jioni.

Siku iliyotangulia sherehe, Chet alinyolewa nywele na nyusi, akabaki kama yai lenye wasiwasi. Kwa desturi, alikwenda kwa kila mtu wa nyumbani kuomba msamaha, ili aondoke na moyo mwepesi. Alipomfikia mdogo wake, alikaa chini kabisa.

"Phinto, kama nimekukosea, nisamehe," alisema. "Na kama na wewe una neno moyoni, litoe tu."

Phinto alikuwa nalo, na lilikuwa kubwa. Alijibu kwamba hana, kisha akashindwa kumaliza chakula chake cha jioni, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Maandamano yalianza asubuhi. Chet alikaa nyuma ya pikapu juu ya kiti kilichopambwa, amevaa nguo nyeupe pe, mwavuli juu ya kichwa. Nyuma ya gari alitembea mama, amebeba joho la manjano kwenye sinia. Nyuma ya mama walikuja wanawake wote wa kijiji wakicheza ngoma katika hariri zao bora, na bibi Bunmi akiwaongoza kwa viuno ambavyo daktari alikuwa amemwambia avipumzishe. Phinto alikaa mbele, kando ya baba.

Mwanzoni baba aliendesha polepole na mambo yakawa mazuri. Kisha wakafika kilimani. Baba alipunguza gia, akakanyaga mafuta.

Pikapu ilinguruma, na wingu jeusi likatoka. Lilipanda juu ya kiti, likaumeza mwavuli, likashuka kwa mama, likawafunika wachezaji mmoja baada ya mwingine. Ngoma ilikatika. Kwa muda kilisikika kikohozi tu, na katikati ya kikohozi, sauti ya bibi Bunmi ikiuliza ni nani amemkanyaga.

Wingu lilipoondoka, hariri zote zilikuwa na rangi ya sufuria ya kuni. Nguo nyeupe za Chet zilikuwa zimejaa masizi toka shingoni hadi miguuni. Mama alikuwa amejikunja, amelikumbatia joho kwa mwili wake wote. Alipoinuka, machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye masizi ya mashavu yake.

Watu walinong'ona kwanza, halafu wakasema wazi. Bibi mlinzi amekasirika. Na akasirikie nini, kama si huyu kijana aliyepanda juu ya gari lake? Labda Chet ana kosa alilolificha huko Bangkok. Labda ana deni, au ana mke. Mzee mmoja alishauri shughuli iahirishwe mpaka mwaka ujao, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Chet alishuka garini, akasimama na masizi yake, akiyatafuta makosa yake mwenyewe kichwani. Mama alimtazama mwanawe, kisha akalitazama joho.

Phinto aliona jinsi mama alivyolishika sinia, kama mtu anayejiandaa kulirudisha nyumbani. Miguu yake ilishuka garini kabla yeye hajaamua.

"Kaka hana kosa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Kaka hana kosa lolote, na Mae Ya Nang hajakasirika. Ni mimi. Nilizungusha skrubu ya mafuta. Mara mbili."

Shangazi Lamduan alijitokeza kati ya wachezaji, hariri yake ikiwa haitambuliki. Alifungua boneti, akarudi nyuma kwa joto lililompiga usoni, kisha akainama na kuitazama pampu. Tone lake jekundu lilikuwa vipande viwili, na kila kipande kinatazama upande wake.

"Baba Phinto," alimwita kaka yake, "ulikuwa upakie mihogo lini?"

Baba alijibu kwamba ni keshokutwa, tena mzigo mkubwa wa mwaka.

"Basi keshokutwa ungerudi kwa miguu. Kwa joto hili na mzigo ule, pistoni zingeyeyuka kama mishumaa, na gari lingekuwa banda la kuku."

Pikapu ile ndiyo iliyowalisha. Shangazi aliingiza mkono nyuma ya injini, akapapasa, akatoa mpira mnene wa hewa uliopasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana.

"Turbo inasukuma hewa, hewa inavujia hapa," alieleza, safari hii Phinto akimsikiliza neno kwa neno. "Gari lilikuwa na njaa ya hewa, wewe ukaliongezea mafuta. Ni kama kumshindilia mtu matonge ya wali huku umembana pua. Yale mafuta yote yasiyopata hewa ndiyo haya." Akaonyesha hariri yake. "Niliinunua juzi."

Bibi Bunmi alitaka kujua kama namba ya gari bado inafaa kwa bahati nasibu.

Mtawa mkuu wa hekalu, aliyekuwa akisubiri juu ya kilima, alikuwa ameshuka kuona kwa nini ngoma imenyamaza. Alisikiliza habari yote, akamtazama Chet toka kichwa hadi vidole, na midomo yake ikacheza kidogo. Akasema kwamba nguo nyeupe ni za kuvuliwa hata hivyo. Lililobaki ni kujua kama joho la manjano ni safi.

Mama aliinua mikono yake. Mbele ya blauzi yake iliyojaa masizi palibaki doa jeupe la mraba, mahali alipokuwa amelikumbatia. Joho halikuwa hata na chembe ya moshi.

Basi walimbeba Chet mabegani, wakapanda naye kilima kwa miguu yao, ngoma ikalia tena, na bibi Bunmi akavipa viuno vyake kazi ya mwisho.

Phinto alibaki nyuma na baba yake, kando ya gari linalopoa. Alisubiri kufokewa. Baba alikaa kwenye ukingo wa barabara, akamwonyesha akae.

"Mimi nililiona joto, na niliuona moshi," alisema. "Nilijua kuna jambo. Lakini sifa zilikuwa tamu, nikanyamaza. Na wewe uliniona nafurahi, ukanyamaza. Tukawa wawili tunadanganyana kwa upendo, na mama yako ndiye aliyepigwa na moshi." Akajifuta uso. "Sikia, mwanangu. Ukitaka gari lipande kilima, tafuta penye ufa, uzibe. Ukificha ufa kwa moshi, moshi utakuja kuonekana na watu wote. Na siku nyingine ukiwa na neno, niambie siku hiyohiyo, hata kama nacheka. Nitaacha kucheka, halafu nitacheka tena."

Phinto alifua hariri za wanawake wote, akasugua mpaka vidole vikakunjamana. Jumapili alikwenda gereji. Shangazi alimfundisha kufunga mpira mpya, akamfanya asafishe chujio la hewa lililokuwa na kiota cha panya, akairudisha skrubu ilipokuwa. Mwisho alimpa kichupa cha rangi ya kucha. Phinto mwenyewe ndiye aliyelitia lile tone jekundu.

Asubuhi ya mzigo mkubwa, baba aligusa shada, akaomba kama kawaida, akatia gia. Pikapu ilipanda kilima kwa mwendo wa kazi, bila mbio na bila moshi. Kung aliwafikia kutoka nyuma, akatoa kichwa, akauliza tu kama ni kweli bibi Bunmi alishinda bahati nasibu. Hakuwa ameshinda.

Muuzaji wa wali wa kuchoma alinyoosha mkono kama siku zote, lakini gari lilimpita upesi, akabaki ameushika wali hewani. Phinto aliutazama ukibaki nyuma, tumbo likinung'unika. Ndipo pikapu ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa, katikati ya kilima, na magunia yote nyuma.

Phinto alimwangalia baba yake kwa hofu kupitia dirisha la kibanda.

"Kanunue," baba alisema. "Sasa tunaweza kusimama, maana tunaweza kuondoka."