Kivuli cha Tangi

Ekseli ilikatika katikati ya jangwa, lori likainama, na mguu wa shemeji yake dereva ukavunjika. Dereva alimburuta hadi chini ya tangi la asidi lililobebwa na lori. Hakukuwa na kivuli kingine mpaka upeo wa macho. Akamfunga mguu kwa vipande vya mbao. Maji yalibaki dumu moja.

Kaka yake dereva alikufa na lori hilihili, njia hiihii. Walimkuta juani, mbali na kivuli, kikombe chake cha chuma kando yake. Watu wakasema alirukwa na akili, wengine kwamba aliitwa na majini. Mama aliona aibu hata kumlilia mwanawe, na dereva, Mungu amsamehe, alimchukia marehemu kwa upumbavu ule.

"Unasikia?" shemeji aliuliza. "Kama mtu anakwaruza ndani."

Dereva alisikia. Aligusa tangi, akaondoa mkono upesi.

"Linaunguza."

"Basi tumekwisha, shemeji. Chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu kina ngozi nyembamba inayokikinga. Asidi ikipoa, ngozi inahimili. Ikipata moto namna hii, inaliwa." Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea. "Baada ya msiba niliitwa kuziba tundu kwenye mshono wa chini. Waliniambia ni jiwe lililotoboa."

Tone likaanguka, mchanga ukatoka povu. La pili likatoboa shuka aliyofunikwa shemeji, karibu na goti.

Dereva akakumbuka kikombe. Kilirudi nyumbani kimetoboka kitako, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Tunatoka."

"Juani? Kaka yako alitoka, akafa."

"Hakuwa na turubai, sisi tunayo. Nishike shingo."

Alimburuta huku shemeji akilia kwa maumivu. Alipokuwa akifunga turubai kwenye vigingi, alihisi mtu ameshika ncha ya pili, ilhali shemeji alikuwa amelala chini. Hakugeuka kumtazama. Nyuma yao mshono ukaachia, asidi ikamwagika pale walipokuwa wamelala.

Asubuhi walikuwa wakilamba kizibo cha dumu lori la maji lilipofika. Aliyeliendesha alishuka akitikisa kichwa.

"Mmerukwa na akili nyie? Mnakaa juani na kivuli kipo pale?"

Shemeji alionyesha kwa kidole mshono ulioachia. Dereva alilitazama lile tangi, kisha akalia kwa sauti, kilio alichomnyima kaka yake siku ya maziko.

"Nipe simu yako," alisema. "Nataka kuongea na mama."