Maswali ya Fundi Nguo

Jumamosi ile duka la fundi nguo lilifurika, na mnajua wenyewe maduka ya mafundi yanavyokuwa mwisho wa wiki. Akina mama wamekumbatia vitambaa, mabwana wamekuja kupunguza suruali, na kila mmoja anaapa yeye ndiye aliyewahi. Ila msichana mmoja kwenye kona ya benchi, gauni lake la manjano limemkaa sawasawa, hakugombana na mtu. Alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza.

"Dada, unatuombea au unatutukana kimoyomoyo?" fundi alimuuliza, futi shingoni, pini mdomoni.

Watu wakaangua kicheko. Msichana akafumbua macho, haya imemjaa.

"Nakariri kazi za figo. Nina mtihani wa kuingia chuo cha udaktari."

"Figo? Mimi naijua ya kukaanga tu. Kwani ina kazi gani nyingine?"

"Inachuja damu."

"Inachuja vipi? Chujio lenyewe liko wapi?"

Maelezo ya kitabuni msichana alikuwa nayo yote, neno kwa neno, lakini kumweleza mtu mwenye pini mdomoni akaelewa, lo! Alishindwa.

"Basi Dokta, ukipata jibu uje uniambie," fundi alisema akimpima mabega. "Nisije nikafa sijui."

Dokta! Jina hilo lilimchoma. Zamani nyumbani kwao walimwita hivyo, tangu akiwa mdogo. Alipofeli mara ya kwanza bado walimwita hivyo. Alipofeli mara ya pili jina likafa kimyakimya, kwa huruma tu, hata mama yake akabaki kumwita "mwanangu". Safari hii ilikuwa ya tatu, na chuo hakikuruhusu ya nne. Sasa huyu fundi asiyejua lolote amelifufua jina mbele za watu, tena bila kutania.

Jumatatu, alipotoka kazini kwake kwenye mapokezi ya zahanati, alipita dukani na jibu. Fundi akalisikiliza, akauliza jingine. Jumanne akapita tena. Mwisho ikawa desturi yao: yeye kwenye benchi anaeleza, fundi kwenye cherehani anashona na kuuliza kama mtoto wa chekechea.

"Sasa figo inajuaje kama mimi nina kiu?"

"Wewe nawe! Inajua tu."

"Inajua tu? Nani kaiambia, majirani?"

Dokta alicheka mpaka machozi, kisha akarudi nyumbani amejikasirikia. Alipekua vitabu hadi akaelewa. Kesho yake aliingia dukani mbio, hata salamu hakutoa.

"Ni ubongo! Ubongo ndio unaogundua damu imepungukiwa na maji, ndipo unaituma figo: shikilia hayo maji, usiyamwage!"

"Ahaa! Kumbe figo inatumwa tu!"

"Inatumwa, mpenzi wangu!"

Neno lilishatoka. Cherehani ikanyamaza. Fundi aliinamisha kichwa kama anatafuta sindano iliyoanguka, na hakuna sindano iliyoanguka.

"Rudia," alisema taratibu.

"Nirudie figo?"

"Figo nimeelewa."

Tangu siku hiyo simu za asubuhi zikaanza. "Dokta wangu, umekula?" "Nimekula, Fundi wangu. Na wewe usishone na njaa." Mama alimwona bintiye anaimba huku anasoma, akashukuru moyoni.

Wiki ya mtihani ilipofika, dada mkubwa wa fundi alikuja kujaribu gauni lake. Alikuwa mwanamke mcheshi, mdomo hauna breki. Akamwona Dokta na vitabu vyake kwenye benchi, akapiga makofi.

"Wifi, umepata mwalimu wa nguvu! Huyu si alikaa miaka miwili chuo hichohicho? Tena alikuwa anaongoza darasa, siku moja akatuambia moyo wake uko kwenye nguo, akawaachia koti lao jeupe!"

Dokta alimtazama fundi. Fundi alikuwa ametazama sakafu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," Dokta alisema. "Chujio, kiu, kila kitu. Mimi natokwa jasho kukueleza, na wewe unanicheka."

"Sijakucheka hata siku moja. Naomba unisikilize..."

"Wajinga ndio wanaochezewa. Asante kwa kunionyesha mimi ni nani."

Akazoa vitabu akaondoka. Simu ikaita njia nzima, hakupokea. Ikaita kesho yake, akaizima. Alilia, jamani, alilia mpaka mama akaingia chumbani na kukaa pembeni yake bila kuuliza. Lakini siku ya mtihani alinawa uso, akavaa blauzi yake nyeupe, akapiga moyo konde, akaenda.

Swali la kwanza la maelezo lilimkodolea macho: mtu amefanya kazi juani bila kunywa maji, eleza mwili unavyojiokoa. Zamani angetafuta kichwani ukurasa aliokariri, na ukurasa ungemkimbia. Safari hii alisikia sauti ya mtu mmoja ikimuuliza: nani kaiambia? Akamjibu. Aliandika kama anayemsimulia yule mtu, na kila alipofika mwisho wa jibu sauti ilimuuliza, "Kwa nini?", naye akaendelea. Katikati ya karatasi ndipo alipoelewa amefanyiwa nini dukani kule. Ilibidi afute macho ili aone mistari.

Alipotoka tu getini aliwasha simu, akapiga.

"Haloo?" Sauti ya fundi ilikuwa chini, kama ya mgonjwa.

"Figo imetoka."

"Ya kiu?"

"Ya kiu." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile nilikuona, nikajua wamekufundisha wengi sana. Hakuna aliyekaa akakusikiliza. Ningesema nimesoma, ungenyamaza uniachie mimi niongee. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Nilikuwa na aibu. Kitu unachokililia, mimi nilikipata nikakiacha. Nilidhani utanidharau."

"Nikudharau? Fundi, mimi leo nimeandika mpaka wameninyang'anya karatasi! Asante. Sikia, nasema asante, na ile asante ya hasira ya juzi uitupe."

"Nimeshaitupa, Dokta wangu. Rudi."

Matokeo yalitoka asubuhi moja akiwa kazini. Alisoma jina lake kwenye simu, akalisoma tena, akampigia mama. Mama alipokea, akasikia, akapiga kelele, "Dokta! Dokta wangu mimi!" na wote wawili wakaangua kilio. Kisha Dokta akaomba ruhusa kazini, akakimbia.

Dukani fundi alikuwa anapiga pasi gauni la mama mmoja mnene aliyekaa kulisubiri. Kumwona tu Dokta mlangoni, na uso ule, hakuhitaji kuambiwa. Macho yalimjaa maji.

"Umeingia!"

"Tumeingia," Dokta alisema. "Mungu akuzidishie, Fundi. Sina cha kukulipa."

"Basi nijibu swali moja."

"Mh! Na hili unajua jibu lake?"

"Hili silijui. Linaninyima usingizi." Akaiacha pasi juu ya gauni, akamgeukia. "Chuo ni miaka mingi. Nikikusubiri mpaka umalize, utakubali nikuoe?"

Dokta alimtazama yule mtu, futi shingoni, kweli hajui. Hakuwahi kumwona hajui. Alitamani aendelee kumtazama hivyo.

"Mjibu, mwanangu!" mama mnene alipiga kelele. "Gauni langu linaungua!"

"Unisubiri kwa nini?" Dokta alisema akicheka na kulia. "Wanafunzi wanaolewa pia. Nakubali, mpenzi. Inua pasi."