Robo Mzunguko wa Kalibu

"Shangazi, kondoo anafika mnadani saa nne," mkuu wa upelelezi alisema.

"Nimesikia." Verna Skogstad alicheka kwenye simu kama anayesikia umbeya wa ukoo. "Mchinjaji je?"

"Sura hatuijui. Tukimkamata Dwight sasa, mchinjaji atayeyuka. Tunamtaka akiwa na bunduki mkononi. Ila asifyatue."

"Hayo tu? Nilidhani mtataka na pai ya tufaha."

Simu ikakatika. Saa mbili na nusu asubuhi.

Kondoo alikuwa mzee Ardell Fjeld, fundi bunduki. Saa nne angepanda ngazi za mahakama ya Kilgard, Montana, kueleza jinsi Dwight Rademacher anavyovusha bunduki mpakani chini ya marobota ya nyasi. Mchinjaji alikuwa muuaji aliyekodiwa na Dwight kumnyamazisha.

Na huyo Dwight alikuwa ghalani kwake, hatua sita kutoka kwa Verna, akitema tumbaku ndani ya chupa ya soda.

Pwaa.

Kwa miezi minne kachero Verna alikuwa amejifanya mjane anayejaza upya maganda ya risasi yaliyotumika ili kupoteza upweke. Risasi za maadui hazikumtisha. Chupa ile ndiyo ilimtapisha.

"Bibi mwalimu, njoo utazame," Dwight aliita. "Bolti ya bunduki haifungi. Nimeyabana upya maganda yote, bado yanakwama."

Mezani kulikuwa na bunduki ya Remington yenye darubini, na maganda ya shaba yenye masizi, mchanga na unywele wa mbwa.

"Umeyaosha?"

"Ya nini? Si yatapigwa tu?"

Verna akaokota ganda moja kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa panya kwenye supu.

Tatizo alilijua kabla hajaketi. Kalibu, chuma kinachobana ganda lirudie umbo lake, ilikuwa imefungwa juu mno, haigusi kitako cha mashine. Bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, halikurudi nyuma. Ganda limebaki refu kwa unene wa unywele, na chemba ya bunduki haisamehe unywele.

Hata mtoto wa chama cha wakulima angeliona.

Akafuta ganda, akapaka mafuta kidogo, akashusha kalibu robo mzunguko. Akavuta mpini wa mashine. Ganda tupu likaingia kwenye bunduki, na bolti, komeo la chuma, ikafunga.

Klik. Laini kama siagi.

"Ee bwana!" Dwight akapiga meza. "Mama, wewe ni mchawi!"

"Mchawi ni sabuni, Dwight. Ijaribu siku moja."

Akacheka hadi tumbaku ikamshuka kidevuni. Akageuka kutafuta chupa yake.

Verna akapandisha kalibu robo mzunguko.

Akabana maganda matano. Akaweka fataki, baruti, kichwa cha risasi. Akayapanga kwenye kisanduku, na chini ya sponji akabandika kitambuzi cha kufuatilia, kidogo kama punje ya dengu.

"Yajaribu basi," alisema, akiomba akatae.

"La kwanza limeingia, mengine yatashindwaje?" Dwight akafunga kisanduku, akakituma pamoja na bunduki kwa muuaji.

Uvivu mtakatifu.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Nukta ya kitambuzi kwenye simu ya Verna, aliyeifuata hadi mjini, ilisimama juu ya ghala la ngano, mkabala na mahakama.

"Mkuu, nimempata. Ghala la ngano, juu."

"Vijana wako mbali, dakika nne. Kondoo ameshuka garini. Hataki kusubiri, anasema hajawahi kuchelewa."

Verna alipanda ngazi ya chuma mbili mbili, Glock mkononi.

Juu, mwanamume wa suti ya kijivu alikuwa amepiga magoti na ile Remington. Kule chini mzee Ardell alivua kofia, akaanza kupanda ngazi.

Mwanamume alisukuma bolti. Haikushuka. Akaipiga kwa kiganja. Ikashuka nusu. Akaipiga kwa kisigino cha kiatu.

Ikang'ang'ania. Haifungi, haifunguki.

Kila mjazaji risasi wa Montana hufunzwa na babu yake: bolti ikikataa, iache. Huyu hakuwa na babu wa huku.

"Haifungi!" alilalama kwa lafudhi ngeni, kana kwamba fundi amefika.

"Najua, kaka. Weka chini."

Akaona bastola. Akaweka chini.

Mlango wa mahakama ukajifunga nyuma ya mzee Ardell.

Dwight walimkuta ghalani, bado anatema. Alipoambiwa bunduki imekwama, na kumwona Verna nyuma ya askari, macho yakamtoka.

"Mama... ulinirekebishia lile moja tu!"

"Lile moja, ndiyo."

Verna akatoa mfukoni ganda zuri, safi, lenye bega sawasawa. Akalidondosha ndani ya chupa ya tumbaku.

Pwaa.

"Kidhibiti," alimwambia askari. "Kachukue wewe. Mimi nanawa mikono."