Ukuta wa Koridoni

Lipu ya ukuta mpya iligoma kukauka. Kila asubuhi Aristides aliipapasa, na kila asubuhi aliikuta mbichi, imebonyea usawa wa kifua, tena upande wa uani tu.

Nyumba ile ya Kariakoo aliinunua mwaka hamsini na sita, nyumba ya Kiswahili hasa: korido moja imenyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku. Mchaga yule akaona nafasi inakaa bure. Akamwita fundi Bakili, wakaikata korido katikati kwa matofali ya saruji. Mbele duka, nyuma yeye na mkewe Severa, wakipitia mlango wa uani. Kuuliza wenyeji hakuuliza, maana alikuwa na haraka ya kutajirika.

Jirani yake, Bibi Mwanamkuu, mganga wa wenye mashetani, alimweleza waziwazi.

"Mangi, njia hiyo ina mwenyewe. Kila magharibi anatoka uani anaenda zake barabarani. Sisi tulikuwa tunajibanza ukutani, naye anapita."

"Mimi Mkristo, Bibi."

"Kwani yeye kakuuliza dini?"

Ijumaa moja, adhana ya magharibi ikilia, Bakili alikuwa koridoni upande wa uani akirudia lipu. Kitu kilimkumba kwa nyuma, kikambamiza kwenye matofali hadi taya likavunjika. Akatambaa uani akitema meno. Kile kitu kikarudi nyuma, kikaja mbio, kikagonga tena, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa nyumba nzima.

Severa alikuwa chumbani, dirisha lina nondo, mlango unafungukia koridoni humo humo.

"Baba, linapita mlangoni kwangu!" alimlilia mumewe. "Linarudi!"

"Bomoa," Bibi Mwanamkuu, aliyekimbilia dukani, alimnong'oneza Aristides. "Ukishaanguka, mgongo ukuta wa pembeni. Katikati asisimame mtu."

Aristides akashika nyundo, akapiga, akapiga huku akilia na kumwomba Mungu kwa Kichaga, viganja vikichubuka na damu ikiteleza mpinini, na kila alipopiga yeye upande huu, kile kitu nacho kilipiga upande ule, hadi ukuta ukachoka ukamwagika chini.

Kukawa kimya. Aristides akajibanza. Severa akafungua mlango, akamwona mumewe, akamkimbilia katikati ya korido mikono mbele, na nyuma yake vumbi likaanza kupasuka na kufanya njia.

Aristides alikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemvuta ukutani, na alilijua hilo, lakini woga ulimgandisha ukutani, na joto likapita usoni mwake, likamzoa Severa, likampasua kichwa kwenye fremu ya mlango wa mbele na kumtupa barazani mbele ya watu.

"Limekwenda, Mangi," Bibi Mwanamkuu alisema akijibandua ukutani. "Njoo umfunike mkeo."

Aristides alisikia. Akaenda kwa ubavu, mgongo ukisugua ukuta, mpaka mlangoni.