Uzi Uliopita Vinywa Viwili

Kila siku nikitoka shule nilipitiliza hadi chumba cha shangazi cha kushonea, nikavua viatu mlangoni na kuanza kazi yangu. Kazi yenyewe ilikuwa kumtungia bibi uzi kwenye sindano. Shangazi alikata vitambaa na kushona kwa cherehani. Bibi alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha, akishikiza vifungo kwa mkono. Macho yake hayakuliona tena tundu la sindano, na kwa sababu ana pumu, hakuruhusiwa kufagia wala kukung'uta nguo.

Mimi ni mtu wa kinyaa. Shangazi aliniita Mama Kinyaa, na hakunisingizia. Nilichukia jinsi alivyobana pini kwa midomo huku akiongea na wateja. Pini zilitoka zimelowa mate, halafu anazichomeka kwenye shati la mtoto wa watu. Lakini uzi ulinichefua zaidi. Chumbani mle ncha ya uzi ililoweshwa kwa mate ili ipite tunduni. Ukichomoka, bibi aliulowesha mdomoni mwake kabla ya kunirudishia, ncha ileile niliyokuwa nimeilowesha mimi.

"Bibi, kwa nini tusitumie maji?" niliuliza siku moja.

"Maji hayashiki. Mate yana gundi. Na mate ya mjukuu wangu yana sumu gani?"

"Mwache huyo," alisema shangazi, pini zikiwa mdomoni. "Ipo siku ataifua hata sabuni."

Wiki ile tulikuwa na mashati ya kwaya ya shule yetu. Shangazi aliniahidi kwamba Ijumaa ningekaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza, nishone mfuko wa shati. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja tangu darasa la nne.

Jumatatu, jirani yangu wa dawati alipiga chafya bila kuziba mdomo. Tulimwita Tarumbeta kwa jinsi alivyopenga kamasi. Matone yalitua kwenye daftari langu, mengine nikayahisi shavuni. Nilijifuta mpaka ngozi ikauma.

Jumatano koo likaanza kuniwasha. Alhamisi mwili wote uliuma kama niliyebebeshwa mawe, na pua ikawa bomba. Nilijua nikisema, nitaambiwa nikalale, na cherehani nitaisikia tu kupitia ukutani. Nikanyamaza. Kila nilipozidiwa niligeukia ukuta, nikaokota kipande cha kitambaa sakafuni, nikapenga. Kisha nikakisokomeza ndani ya gunia la mabaki, ambalo bibi huchambua kwa mikono akitafuta vipande vya kutengenezea mito. Ndiyo, mimi, Mama Kinyaa. Na uzi niliendelea kuulowesha kwa mate.

Hakuna aliyeniangalia, maana Alhamisi hiyo shangazi alikuwa na balaa lake. Karatasi yake ya kukatia kola ilikuwa imechanika. Akakata kola ya pili kwa kufuatisha ya kwanza, ya tatu kwa kufuatisha ya pili, akaenda hivyo hivyo. Kila moja ilikosea kidogo tu, unene wa uzi. Kufika ya kumi na mbili, kola haikuingia kwenye shati lolote.

Ijumaa nilishona ule mfuko. Ulikaa sawasawa, shangazi akausifu. Jioni ile bibi akaanza kukohoa.

Jumamosi asubuhi alikuwa anapumua kwa mabega. Tulimpeleka zahanati akituegemea, mimi upande mmoja, shangazi upande mwingine. Kila hatua chache alisimama kutema makohozi kwenye leso, mazito, ya rangi ya usaha. Nilitazama pembeni. Si kwa sababu ya makohozi.

Muuguzi alikuwa mama mnene asiyepoteza maneno. "Ameanza lini?"

"Jana jioni," alisema shangazi. "Ni vumbi la vitambaa, ana pumu. Nimempa vidonge vilivyobaki nilipoumwa jino."

Muuguzi alikunja uso kama aliyenusa kitu kilichooza. "Vya jino? Vile vinaua bakteria. Kama ni virusi vya mafua makali, havivigusi kabisa. Nyumbani kuna mtu mwenye mafua?"

"Hakuna. Na huyu hapa ndiye msafi wetu," shangazi alisema, akinigusa bega.

Bibi alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, pua zikitanuka na kusinyaa. Ningenyamaza, angetibiwa vumbi.

"Ni mimi," nilisema. "Nina mafua tangu Jumatano. Nilificha ili nishone."

Nikasema yote, uzi na chafya ya Tarumbeta. Nilipofika kwenye gunia, shangazi alitazama viganja vyake, kisha akavifuta kwenye gauni.

"Kamasi? Kwenye gunia la mama yangu?" alisema polepole. "Wewe?"

"Utamgombeza baadaye," muuguzi alisema huku akimwekea bibi mpira wa hewa puani. "Kwanza amenisaidia. Dawa ya virusi hivi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku mbili. Mngekaa na vumbi lenu mpaka Jumatatu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Bibi alivuta pumzi. "Lakini mimi nilichanjwa mwaka juzi."

"Mwaka juzi, bibi. Virusi vya mafua huzaana kwa kujinakili, na kila vikijinakili hukosea kidogo. Makosa yakijaa, mwili uliofundishwa na chanjo ya zamani hauvitambui vizuri. Tena hata ile kinga yenyewe hufifia. Ndiyo maana chanjo hutengenezwa upya, na mtu huchanjwa kila mwaka."

"Kama kola zangu," shangazi alisema taratibu.

Alipoeleza, muuguzi alicheka kidogo. "Hivyo hivyo. Na wakati mwingine wanaotengeneza chanjo hukisia sura ya virusi vya mwaka huo wasiipate barabara. Hata hivyo aliyechanjwa mara nyingi haumwi sana. Na dawa hii amalize yote. Tukiitumia ovyo, virusi vitakavyobadilika vinaweza kuishinda hiyo pia."

Bibi alilazwa siku nne. Siku hizo shangazi hakunipiga. Alinipa maji ya moto, sabuni na lile gunia, akaniacha. Nilifua kipande kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vimekauka na kugandana, ikanibidi nivitenganishe kwa kucha. Vyote vilikuwa vyangu.

Bibi aliporudi, mwembamba, sauti imepungua, aliniita nikae mkekani.

"Kinyaa chako sikukilaumu hata siku moja," alisema. "Uchafu uchukie, ni vizuri. Lakini wewe ulikuwa unauona wa Tarumbeta, na wa shangazi yako, na wangu. Wako ukauficha. Mjukuu wangu, ugonjwa hauna aibu. Ukiumwa, sema, uzibe mdomo, ukae kando mpaka upone. Ukificha, huumwi peke yako. Mimi nimeumwa kwa ajili ya mfuko wa shati."

Nilimsogezea mto mgongoni.

"Shati lenyewe lilitoka vizuri?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Kesho wote tunakwenda kumwona yule muuguzi. Amesema mimi nimeshapona vya kutosha kuchanjwa, na nyinyi mtatangulia."