Mahari ya Chebet Iliisha Kwa Simu Tukiwa Katika Maombi

Nina miaka ishirini na tisa, natoka Kiptere, nachuma chai ya baba. Sina mke. Ningekuwa naye saa hii... wacheni niwaambie!

Mimi na Chebet wa Siongiroi tulipendana tangu chuo. Siku ya koito, ya kukubaliana mahari, ilipopangwa, baba aliuza ng'ombe wawili, akaongeza bonasi ya chai, akaniwekea pesa yote kwa simu. Aliniamini kabisa.

Lakini dada ya Chebet ameolewa na tajiri, na mimi niliogopa tutachekwa. Nilitaka kuongeza ng'ombe wa tatu. Rafiki yangu Kibet, wa Kericho mjini, akanionyesha biashara ya bitcoin inayoitwa perpetual. Hununui sarafu yenyewe. Unaweka dhamana, unabeti kama bei itapanda au itashuka, na mkataba hauna tarehe ya kuisha. Akasema nibeti kwa mkopo wa mara ishirini ya pesa yangu ndio faida ije haraka.

Hauna tarehe ya kuisha! Mimi mtu wa chai nikasikia nini? Nikasikia ngoja. Bei ya chai ikianguka si tunangoja tu, majani yaote tena? Nikaweka nusu ya mahari, nikabeti bei itapanda.

Ikashuka. Kila masaa nane nikakatwa ada ya kushikilia ule mkataba. Na ukichukua mara ishirini, bei ikianguka kama shilingi tano kwa mia, dhamana yote inaliwa na mkataba unafungwa bila kukuuliza. Nikampigia Kibet. "Ngoja tu, itarudi," akasema. Kumbe alikuwa analipwa kamisheni kwa kila biashara yangu! Ati rafiki!

Asubuhi ya koito simu ikanionya dhamana inakaribia kuisha. Ningeacha hapo, nusu ingebaki. Lakini wapi! Nikaongeza ile nusu ingine.

Nyumbani kwa kina Chebet wazee waliongea vizuri, wakakubaliana. Mjomba wake akaanza kuomba. Kila mtu alifunga macho isipokuwa mimi. Simu ilikuwa kwa goti langu, bei inaporomoka, jasho linanitoka... Kabla mjomba aseme amina, mkataba ulifungwa. Sufuri!

"Weri, kijana wangu, mtumie mzee pesa yake sasa," baba akasema akitabasamu.

Nikaifunika simu kwa mkono.

"Ni netiweki?"

"Si netiweki, baba. Nimeipoteza yote."

Chebet alikuwa mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda, tayari kutumiminia. Alikirudisha jikoni. Baba akachukua kofia yake, akawaomba wale wazee msamaha mmoja mmoja. Uchungu gani huo, jamani!

Jioni hiyo hiyo bei ilipanda, ikapita pale nilipoanzia. Itanisaidia nini? Mkataba wangu ulikuwa umeshafungwa.

Kesho yake Chebet alinitumia ujumbe. Aliandika kwamba baba yake angekubali hata ng'ombe mmoja, na yeye mwenyewe angenikubali bila ng'ombe. Ila sasa hawezi kuishi na mtu anayemficha mambo. Nimempigia mpaka nikachoka. Hashiki.

Vijana wenzangu, nawasihi! Pesa uliyoaminiwa na mzazi usiipeleke huko. Na kama tayari umeingia na bei inakuvuta chini, usiongeze hata shilingi. Mwambie baba yako leo, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Mimi nilimwambia wangu mbele ya wakwe.